Nusura Nimfute Kazi kwa Shilingi 4,300: Jinsi ya Kusimamia Duka Ukiwa Mbali

Ilikuwa Jumamosi, saa moja jioni, na duka langu la Isinya lilikuwa limepungukiwa na shilingi 4,300.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya kaunta, kitabu cha mauzo upande mmoja, simu ya till upande mwingine. Nilijumlisha mara tatu na jibu likawa lile lile. Mhudumu wangu alikuwa amesimama karibu na rundo la mabati, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alikuwa amefanya kazi kwangu miezi saba.

"Madam, mimi sijachukua," alisema kabla hata sijamuuliza.

Ukweli usemwe, nilisikia kama amekiri. Nikajiambia, mtu asiye na makosa anaanza kujitetea mapema hivyo kwa nini? Kichwani nilikuwa nimeshaamua. Jumatatu asirudi, na hizo 4,300 zitoke kwa mshahara wake.

Jirani yetu ni mzee mwenye agrovet. Alikuwa ameingia kuomba chenji ya elfu moja akatukuta na nyuso zile. Hakuuliza mengi. Alitazama kitabu, akanitazama, kisha akasema, "Mama, kabla hujamfukuza mtoto wa wenyewe, umeangalia simu yako?"

Nikamwonyesha simu ya till.

"Si hiyo. Ile yako."

Nikafungua simu yangu. Alhamisi, saa sita kasoro mchana, nilikuwa nimepokea shilingi 4,300 kutoka kwa fundi mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Hapo ndipo nikakumbuka. Nilikuwa duka la Kitengela, wateja wamejaa, fundi akanipigia akisema ana haraka na namba ya till ameipoteza. Nikamwambia, "Nitumie tu kwa hii namba yangu." Kisha nikampigia mhudumu wa Isinya: "Mpe fundi rangi na brashi, ameshalipa." Naye alifanya vile bosi alivyosema. Aliandika kitabuni: rangi, brashi, 4,300, imelipwa kwa simu.

Jioni ile ile nililipa stima ya nyumbani na kununua unga. Hiyo pesa ikaisha, nami nikaisahau.

Kumbe mwizi wa duka langu alikuwa mimi.

Nilimwomba msamaha pale pale, mzee akisikia. Alijibu, "Sawa, madam," lakini hakuniangalia. Ilichukua muda mrefu kabla aniangalie tena usoni bila woga, na sikumlaumu.

Nimeandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tulianza na kibanda kimoja, mtu mmoja, simu moja. Biashara ikakua, tukaajiri, tukafungua tawi la pili, lakini tukaendelea kuiendesha kama kibanda. Pesa ikipungua tunamtazama mfanyakazi kwanza, na mara nyingi shida iko kwa utaratibu, na aliyeuvunja utaratibu ni mwenye duka mwenyewe. Yafuatayo ni mambo niliyobadilisha baada ya Jumamosi ile. Hayahitaji digrii wala kompyuta, ila yanahitaji mwenye biashara akubali kufungwa na sheria zake mwenyewe.

Pesa ya duka si pesa yako

Sentensi hii inauma. Duka ni langu, kodi nalipa mimi, hasara nabeba mimi, sasa pesa si yangu vipi?

Ni yako, lakini mpaka uitoe rasmi. Kabla ya hapo ni ya duka: ya kununua simiti ijayo, ya kulipa mshahara, ya kodi ya nyumba ya biashara. Ukichota mia tano leo na elfu mbili kesho bila kuandika, hutajua kama biashara inakua ama inakufa polepole. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kwanza kukosekana huwa ni la mwenye mali.

Mimi nilifanya mambo mawili. Kwanza, malipo yote ya wateja yanaingia kwa till ya duka husika. Awe fundi, awe rafiki, awe shemeji, anatuma kwa till. Namba ya till imebandikwa kaunta, imechapishwa kwa risiti, na nimeihifadhi kwa simu yangu ili mteja akinipigia nimtumie papo hapo. Isinya ina till yake na Kitengela yake. Hata nikiwa Kitengela, mteja wa Isinya analipa Isinya.

Pili, najilipa mshahara. Kila mwisho wa mwezi nahamisha kiasi kilekile kutoka kwa biashara kwenda kwa namba yangu, na muamala huo unabaki kwenye taarifa ya miamala. Nikipata dharura katikati ya mwezi, naandika kitabuni: "Mwenye duka, 2,000, hospitali." Mhudumu akiona bosi anaandika, hataona ubaya kuandika yake. Akiona bosi anachota bila kuandika, naye atajifunza hivyo hivyo.

Kuna faida nyingine. Sheria ya kodi hapa Kenya inakutaka uweke rekodi za biashara kwa miaka mitano. KRA wakikuuliza mauzo yako, au benki ikitaka kuona mapato kabla ya kukukopesha, ni rahisi zaidi kutoa taarifa ya till kuliko kueleza kwa nini malipo ya mabati yamechanganyika na michango ya harusi.

Ukigawa kazi, gawa na mamlaka

Zamani mhudumu wangu alikuwa ananipigia simu mara kumi kwa siku. "Madam, mteja anataka apunguziwe hamsini." "Madam, fundi anataka kuchukua misumari alipe jioni." "Madam, huyu anasema kufuli imeharibika, anataka kurudishiwa pesa." Nilidhani hiyo ndiyo kuwa bosi. Kumbe nilikuwa nimeajiri mtu wa kushika simu tu, kazi ya kufikiri bado naifanya mimi, tena nikiwa ndani ya matatu.

Tuliketi tukaandika karatasi moja. Tuliandika anachoweza kuamua mwenyewe, anachopaswa kuniuliza, na asichoruhusiwa kabisa.

Anaweza kumpunguzia mteja hadi kiwango fulani kwa kila bidhaa. Tuliandika kiwango chenyewe, kwa sababu "punguza kidogo" ni maneno ambayo kila mtu anayapima kivyake. Anaweza kubadilisha bidhaa iliyo na kasoro ikiwa mteja ana risiti na hazijapita siku saba. Anaweza kutoa pesa ya boda ya kupeleka mzigo, mradi aandike.

Lazima aniulize kabla ya kumkopesha mteja yeyote ambaye hayuko kwenye orodha ya madeni, na kabla ya kununua stoku kutoka kwa msambazaji mpya.

Haruhusiwi kupokea malipo ya duka kwa simu yake binafsi, hata kama till inasumbua. Na hapa ndipo niliongeza jina langu: mwenye duka naye haruhusiwi. Alicheka kidogo nilipoandika hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile Jumamosi.

Simu zilipungua kutoka kumi hadi mbili kwa siku. Na sikupoteza pesa kwa kumwachia maamuzi madogo. Anawajua wateja wa Isinya kuniliko. Anajua nani ni wa kulipa na nani ni wa hadithi.

Angalizo moja. Mtu mpya usimwachie yote siku ya kwanza. Mwonyeshe, fanya naye, mwache afanye ukimtazama, kisha mwachie. Na mtu anaweza kuwa hodari wa kuuza lakini hajawahi kuhesabu stoku. Kwa kuuza mwachie, kwa stoku kaa naye. Kumfuatilia mtu si kumdharau, ila umfuatilie kwa ile kazi ambayo bado anajifunza.

PIN ni ya mtu mmoja

Hili nilikuwa nalifanya vibaya kuliko yote. PIN ya simu ya till tulikuwa tunaijua watu wanne: mimi, mhudumu, binamu yangu aliyekuwa akishikilia siku za Jumapili, na kijana wa mzigo aliyewahi kutumwa kuangalia salio. Sasa pesa ikitoka bila maelezo, utamuuliza nani? Mkishiriki PIN wanne, mmeshiriki lawama wanne, na asiye na hatia hana njia ya kujisafisha.

Kama huduma yako ya malipo inakuruhusu kusajili wahudumu, sajili kila mmoja kivyake. Wahudumu wapewe uwezo wa kuona malipo yanapoingia. Uwezo wa kutoa pesa ama kuihamisha ubaki kwako, au kwa mtu mmoja uliyemchagua na kuandika. Mtu akiacha kazi, mwondoe kwenye mfumo siku hiyo hiyo na ubadilishe PIN, hata kama mmeachana vizuri.

Wafundishe pia mambo matatu ya kaunta. La kwanza, malipo yanathibitishwa kwa simu ya till. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja hautoshi, maana ujumbe wa uongo unaandikwa kwa dakika moja. Bidhaa haitoki mpaka pesa ionekane upande wetu. La pili, mtu akisema ametuma pesa kwa makosa, asirudishiwe kutoka kwa droo wala kwa simu ya mhudumu. Afuate utaratibu rasmi wa mtoa huduma wa kurejesha muamala. La tatu, hakuna mtu wa kampuni yoyote ya malipo atakayepiga simu kuomba PIN. Akiomba, kata simu.

Na ukiwa hapo, waambie namba za simu za wateja si za kuchezea. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mteja alikupa namba yake alipolipia bomba. Hakuitoa ili kijana wa duka amtumie salamu usiku.

Funga hesabu kila siku, hata kama umechoka

Ile 4,300 ilipotea Alhamisi, mimi nikaitafuta Jumamosi. Ningefunga hesabu Alhamisi jioni, ningeikumbuka kwa dakika mbili. Kadiri siku zinavyopita, kumbukumbu inafifia na shaka inakua.

Kufunga hesabu si jambo kubwa. Tuchukue mfano wa siku moja ya kawaida.

Mauzo yote kitabuni: 38,650.
Yaliyolipwa kwa till: 27,400.
Yaliyochukuliwa kwa deni: 3,000.
Kwa hiyo yaliyolipwa kwa keshi: 8,250.

Sasa nenda kwa droo. Asubuhi mlianza na chenji ya 2,000. Mkaingiza keshi ya 8,250. Mkatoa 300 ya boda na 150 ya chai. Droo inatakiwa kuwa na 9,800.

Mnahesabu mnapata 9,600. Mmepungukiwa na 200.

Kisha angalia taarifa ya till. Je, inaonyesha 27,400 kweli? Hapa usiangalie salio pekee, kwa sababu salio linabadilika ukitoa pesa ama likikatwa ada. Angalia malipo yaliyoingia siku hiyo, moja baada ya jingine, ukilinganisha na kitabu. Malipo yaliyo kitabuni lakini hayako kwa till, yawekee alama. Yaliyo kwa till lakini hayako kitabuni, yawekee alama pia, kwa maana huenda mteja alilipa na bidhaa ikatoka bila kuandikwa, ama alilipia deni la zamani.

Sisi tunachukua kama dakika kumi na tano. Mhudumu anahesabu, anapiga picha ya ukurasa, ananitumia. Mimi nalinganisha na taarifa ya till nikiwa nyumbani. Tunafanya hivyo siku nzuri na siku mbaya. Ukikagua tu siku unayoshuku, ukaguzi unakuwa matusi. Ukikagua kila siku, unakuwa kama kufunga mlango: hakuna anayenuna.

Mara moja kwa mwezi tunahesabu stoku. Si duka zima. Tunachagua bidhaa kumi zinazotoka sana ama zenye bei kubwa, tunalinganisha zilizoingia, zilizouzwa na zilizobaki. Pesa inaweza kulingana sawasawa na bado rangi ikatembea kwa miguu.

Pesa ikipungua, uliza kabla ya kuhukumu

Turudi kwa ile 200 ya kwenye mfano. Bosi wa zamani, yaani mimi, angesema, "Utalipa." Hapo mhudumu analipa, anakasirika, na kesho upungufu unarudi kwa sababu hakuna aliyejua ulitoka wapi. Mbaya zaidi, atajifunza kuuficha.

Kule Japani, kampuni ya magari ya Toyota inajulikana kwa desturi moja ambayo mhandisi wake Taiichi Ohno aliieleza: tatizo likitokea, uliza "kwa nini" mara tano, usikome kwa jibu la kwanza. Haikutungwa kwa ajili ya hadiwea ya Isinya, lakini inafanya kazi.

Kwa nini droo imepungukiwa na 200? Kwa sababu mteja mmoja alipewa chenji zaidi. Kwa nini? Kwa sababu mhudumu alikuwa akihudumia watu watatu kwa pamoja. Kwa nini? Kwa sababu kijana wa mzigo hakuwepo kaunta. Kwa nini? Alikuwa ametumwa mbali wakati wa saa nane, na saa hiyo ndiyo mafundi wanajaa. Kwa nini alitumwa saa hiyo? Kwa sababu bosi alipiga simu akasema mzigo upelekwe sasa hivi.

Umeona tulikofika? Tulianza na mhudumu, tukaishia kwa bosi. Dawa yake ni kupeleka mizigo asubuhi. Kukata 200 kwa mshahara hakungeponya chochote.

Kuna siku jibu litakuwa baya. Utauliza mara tano na utakuta mtu ameiba kweli. Sisemi wafanyakazi wote ni malaika. Nasema ukishakuwa na kitabu, taarifa ya till na PIN za watu tofauti, utajua ukweli bila kukisia, na asiye na hatia atakuwa salama. Na hiyo rekodi ndiyo utakayohitaji ikibidi kwenda mbele zaidi.

Sheria inasema nini kuhusu kumkata mtu mshahara

Hapa wengi tunajikwaa. Mimi nilikuwa tayari kufanya makosa mawili ya kisheria kwa jioni moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka. Upungufu wa pesa unaweza kukatwa ikiwa umetokana na uzembe au kutokuwa mwaminifu kwa mfanyakazi, na pia ikiwa mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Mhudumu wangu hakuwa hata na mkataba ulioandikwa. Tena, makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Kuhusu kumfuta kazi, kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na usikilize utetezi wake. "Jumatatu usirudi" haimo.

Na mkataba? Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi. Usiogope neno hilo. Kurasa mbili zinatosha kwa duka dogo: kazi yenyewe, mshahara, siku ya kulipwa, saa za kazi, siku ya mapumziko ambayo ni angalau moja katika kila siku saba, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, muda wa notisi, na kama anashika pesa, iandikwe. Ukikosa kuandika na kesi ikafika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha mlivyokubaliana unaangukia wewe mwajiri.

Kama una jambo zito, muulize wakili au afisa wa leba wa kaunti yako. Lakini mkataba anza nao wiki hii.

Lipa kwa wakati, ongea kabla ya shida

Kuna bosi anayetaka uaminifu wa asilimia mia lakini mshahara wa tarehe tano unafika tarehe kumi na tisa, tena nusu. Mtu mwenye njaa akishinda siku nzima mbele ya droo iliyojaa, umemweka kwa mtihani ambao wewe mwenyewe huenda ungeanguka. Pesa ya mishahara tunaitenga kila wiki, robo kwa robo, ili mwisho wa mwezi isiwe vita. Inalipwa kwa simu, kwa namba ya mfanyakazi mwenyewe, ili pande zote mbili ziwe na ushahidi.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, tunaongea dakika kumi. Kwa Isinya ni kwa simu iliyowekwa spika. Maswali ni matatu tu: wiki iliyopita ni nini kiliuzwa vizuri, ni nini kilitusumbua, na wiki hii unahitaji nini kutoka kwangu? Lile la mwisho ndilo la muhimu. Mara ya kwanza walinyamaza. Mara ya tatu kijana wa mzigo akasema anahitaji glavu, mabati yanamkata. Miezi yote hiyo alikuwa anavuja damu na mimi sijui.

Ukiwa na neno la kumrekebisha mtu, mwite kando. La kumsifu, sema mbele ya wote. Mimi nilifanya kinyume siku ile. Nilimshuku mbele ya jirani, ndiyo maana niliona ni haki nimwombe msamaha mbele ya jirani huyo huyo.

Jipime: ondoka siku moja

Njia rahisi ya kujua kama unaongoza ama unazima moto tu ni hii. Chagua siku moja ya kawaida mwezi huu. Waambie mapema hutakuwepo na hutashika simu isipokuwa kwa dharura ya kweli, kama moto, ajali au polisi. Nenda zako. Jioni, soma kitabu na taarifa ya till.

Kila kitu kilichokwama siku hiyo ni kazi uliyoikalia. Labda hakuna aliyejua bei ya bidhaa mpya. Labda msambazaji alikataa kushusha mzigo bila wewe. Andika orodha. Hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi ujao.

Siku yangu ya kwanza ya kuondoka nilienda Kajiado kumwona mama. Nilishika simu kila baada ya dakika tano, roho juu, na haikulia. Jioni nilikuta mambo matatu yamekwama, na hakuna hata moja lililokuwa la pesa.

Yule mhudumu bado tuko naye. Wiki iliyopita alinipigia saa mbili usiku, sauti yake ikiwa ya kazi kabisa.

"Madam, kuna 650 ya leo iko kwa kitabu na haiko kwa till. Umeangalia simu yako?"

Nikaangalia. Haikuwa kwangu. Tulitafuta pamoja, tukakuta mteja alilipa till ya Kitengela kwa makosa. Tukaandika, tukafunga hesabu, tukalala.

Usiku wa leo, kabla hujamshuku mtu yeyote, anza hapo: fungua simu yako mwenyewe, hesabu malipo ya biashara yaliyoingia kwa namba yako binafsi mwezi huu, na uyarudishe dukani.